Bastola ya Upepo Iliyolishwa Samli

Hawa na Shija, wanafunzi wangu, mlinisukuma niandike, nami nimekubali, ingawa mimi na kalamu hatujazoeana. Darasa la saba nililimalizia Tura, na tangu hapo kilichokaa mkononi mwangu ni bisibisi. Mkiona nimeruka jambo, si ujanja, ni kusahau. Mkiona nimejisifu, futeni. Kibanda nimewakabidhi, jiliwa la kubania vyuma nimewakabidhi, na lile kopo la vipande vya ngozi nimewakabidhi. Yaliyobaki ni haya ya kichwani, na yakikaa humo peke yake yataota kutu.

Tura mnaijua. Wapagazi wa zamani walikuwa wakitua mizigo yao pale wakalala, na siku hizi treni husimama kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna kitu amesahau, halafu akaona basi, haidhuru. Katika kusimama huko kudogo ndipo nilipopanda. Nilikuja Tabora kutafuta kazi ya kushona. Shangazi yangu wa Kanyenye akanipeleka kwa fundi aliyekuwa na cherehani nje ya kibanda chake, kumbe ile cherehani ilikuwa ya mteja, imekuja kutengenezwa. Fundi mwenyewe, Mzee Maganga, alikuwa fundi wa pampu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unajua nini?"

"Sijui kitu, mzee."

"Afadhali. Wanaojua wananichosha."

Akachukua pampu ya baiskeli, akaniwekea sikioni, akasukuma. "Inasema nini?"

"Inasema fsss."

"Inasema fsss wapi?"

Sikujua. Siku ile nzima nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikisikiliza pampu zikihema, na jioni niliaga kwa adabu nikiamini nimefukuzwa. Asubuhi nikarudi kuchukua kanga yangu niliyoisahau. Mzee Maganga akanipa kisu cha ngozi bila kuinua macho. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hadi leo sijui kama alinichagua au alidhani nimekuja kazini.

Kazi yetu yote, kama mjuavyo, iko kwenye kile kikombe kidogo cha ngozi kilicho ndani ya pampu, tunachokiita washa. Chuma hakisukumi upepo. Chuma kinaisukuma ngozi, na ngozi ndiyo inayousukuma upepo. Unailoweka ngozi kwenye maji ya vuguvugu, unaikandamiza kwenye kalibu ya mti mgumu, unaiacha ikauke kivulini, kisha unapunguza mdomo wake kwa kisu mpaka iingie kwenye silinda kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chako mwenyewe. Halafu unailisha samli. Hapo Mzee Maganga hakuwa na mzaha. "Ngozi bado ni mnyama," alikuwa akisema. "Chuma kipake mafuta ya mashine. Mnyama mpe samli." Nililishika neno hilo kama sala, na mtaona lilikonifikisha.

Nilitengeneza taa nyingi za karabai, majiko ya pampu, na mabomba ya kupulizia dawa ya pamba na tumbaku. Karabai zilipokwisha, umeme na sola vikaingia, watu walinipa pole. Sikulia. Karabai ziliniunguza nyusi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kesi ngumu zilikuwa za watu, si za vyuma. Alikuja mkulima mmoja na bomba lake akisema limerogwa, kwamba jirani yake amelifunga pumzi. Nikalifungua nikakuta kiota cha nyigu. Nikamwonyesha. Akasema, "Unaona? Aliwatuma." Sikubishana naye. Huenda. Mimi niliwatoa nyigu tu, na suala la nani kawatuma nikamwachia mwenyewe.

Basi, mengine mnayajua kwa sababu mlikuwepo. Ila hii kazi ya mwisho nataka niiandike yote, kwa kuwa mjini inasimuliwa kwa chumvi nyingi, na mimi nataka haki itendeke kwa kila mtu, pamoja na Bi Thuwaiba.

Mzee Nassor, mwenye duka la vitambaa, alikuja kibandani na kitu kimefungwa kwenye kanzu kuukuu. Alipofungua, Shija akaruka nyuma.

"Usiogope, kijana," Mzee Nassor akasema. "Haiui hata njiwa."

Ilikuwa bastola ya upepo. Kwa wasioijua: haina baruti. Ndani yake kuna silinda, pistoni na springi. Unaukunja mtutu kuelekea chini kama unavyovunja muwa, springi inarudi nyuma na kukaa. Ukiminya kifyatulio springi inaruka, pistoni inakimbia, upepo unabanwa na kukisukuma kidonge cha risasi. Nilipoelewa hivyo, woga ukanitoka. Nikamwambia Mzee Nassor, "Hii ni pampu tu. Imekasirika, lakini ni pampu."

Ilikuwa na kutu kiasi kwamba huwezi kujua wapi chuma kinaanzia. Mtutu ulikuwa umegoma na kifyatulio hakichezi. Babu yake Mzee Nassor, aliyekuja Tabora enzi za misafara, alimwachia mwanawe desturi moja ya ajabu, na mwanawe ndiye aliyeinunulia bastola: mkwe yeyote anayekuja kuoa katika nyumba ile haingii ndani kufunga ndoa mpaka ndimu inayoning'inia uani iangushwe. Zamani waliangusha kwa manati, baadaye kwa bastola ile. Bastola ilipoota kutu desturi ikalala, na dada zake Rahma wote waliolewa bila mtu kuiuliza ndimu.

Rahma ndiye kitinda mimba. Alikuwa anaolewa na Jumanne, bwana mifugo wa Igunga, kijana wa Kisukuma, mtoto wa mfugaji. Hapo ndipo Bi Thuwaiba, dada mkubwa wa Mzee Nassor, alipoikumbuka desturi.

"Amesema desturi ni desturi," Mzee Nassor akanieleza, akipangusa jasho. "Ama ndimu iangushwe kwa bastola ya marehemu baba, ama harusi isogee mpaka bastola itengenezwe. Na anajua fika kwamba haitengenezeki."

"Wewe si ndiye baba wa binti?"

"Mama Pampu, yule ni dada yangu mkubwa. Amenilea. Rahma naye amemlea tangu mama yake afariki. Nitamwambia nini?"

Watu wanasema Bi Thuwaiba aliwadharau wafugaji. Mimi sidhani, au tuseme sidhani kwamba ilikuwa hivyo tu. Igunga ni mbali kwa magoti ya mzee, na huyo Rahma ndiye aliyekuwa akimpaka dawa ya magoti. Mtu akiogopa kubaki peke yake hushika chochote kilicho karibu. Yeye alishika bastola.

Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nikasema nitajaribu. Nilisema hivyo ingawa sijawahi kufungua silaha, na nilikuwa nimeshatangaza kwamba naacha kazi. Nani anataka kuaga kwa kuharibu harusi ya watu?

Kwanza tuliipeleka kituo cha polisi. Afande aliigeuza, akaicheka, akasema hiki ni chuma chakavu. Mzee Nassor akamwambia kikipona kitafyatuliwa kwenye harusi. Afande akaacha kucheka. Akasema kikipona nisikijaribu kibandani kwenye watu. Kitafyatuliwa siku hiyo tu, uani kwa Mzee Nassor, kuelekea ukuta wa udongo, na yeye mwenyewe akiwepo. Naona alikuwa sahihi kabisa. Kama angeturuhusu kujaribu, yaliyotokea yasingetokea, lakini hilo si kosa lake.

Tukailoweka kwenye mafuta ya taa mpaka pini zikalegea. Hawa akazigonga taratibu kwa msumari uliokatwa ncha, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo katika umri wake. Ikabaki nati kubwa ya nyuma inayoizuia springi. Nikamwambia Shija aifunike kwa gunia akiwa ameishika, kwa maana springi haina shukrani. Akaifunika. Lakini mimi nilizoea springi za pampu, ambazo ni watu wa amani, nikamalizia uzi wa mwisho wa nati kwa haraka.

Sikuiona ikitoka. Niliona gunia likipaa. Springi ilipita juu ya kichwa cha dereva wa bodaboda aliyekuwa akisinzia, ikavuka barabara, ikatua kwenye ndoo ya uji wa Mama Chausiku. Tukasikia *chubwi*.

Mama Chausiku akachungulia ndani ya ndoo. Akainua uso.

"Jamani, nani kaniwekea utumbo wa trekta?"

"Tusamehe, dada," nikasema.

"Sisamehi. Uji huu siuzi tena. Njooni na vikombe, mtaumaliza ninyi, mpaka chini."

Tukaunywa. Bodaboda wote wakahamia upande wetu kutuhesabia vikombe na kutuuliza kama leo uji una nguvu. Shija alipofika chini akaitoa springi kwa kijiko, akailamba, akasema haina kutu sana. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanamke wa umri wangu, barabarani, nimekaa chini.

Kutu tuliitoa kwa ukwaju. Ulowekeni mwingi, mzito, mtie chuma humo mpaka asubuhi. Kutu inabadilika kuwa tope jeusi ambalo unalisugua kwa mswaki. Mtutu tuliusafisha kwa uzi na kitambaa. Nje tuliupasha moto wa mkaa na kuupaka mafuta, tukarudia, mpaka ukawa mweusi wa kupendeza. Springi msiipashe moto kamwe, itakuwa laini kama tambi. Washa ya zamani ilikuwa imekauka kama kipande cha mkate wa juzi, ikavunjika nilipoigusa. Nikakata mpya kwenye ngozi ya ng'ombe, nikaikandamiza, nikaikausha.

Siku hiyo hiyo akaja Jumanne mwenyewe. Mrefu, amevaa mabuti ya kazi, amebeba kibuyu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiyo wewe wa ndimu?"

"Ndiyo mimi wa ndimu." Akaiangalia bastola kwenye meza. "Mama, nikuambie ukweli? Mimi sijawahi kupiga kitu. Ng'ombe nawapiga sindano tu."

"Ukikosa je?"

"Nikikosa, Rahma ananisubiri na mimi namsubiri. Ila shangazi yake tutamwacha na huzuni, na Rahma hataki kuondoka hivyo. Mimi pia sitaki." Akaweka kibuyu mezani. "Mama yangu amekuletea hii. Nimesikia unatafuta samli."

Samli ya kwao! Ya njano, inanukia mpaka mtaa wa pili. Nikaipasha, nikaitia ile washa ndani ilale humo. Kesho yake ikatoka imeshiba, inang'aa. Nikaifunga kwenye pistoni, mdomo wa kikombe ukitazama mbele, nikamiminia na kijiko kingine ndani ya silinda, kwa upendo. Mzee Maganga angefurahi. Tukaiunga yote. Nikaziba mtutu kwa kidole, Shija akaukunja, akaminya kifyatulio na kuuachia polepole huku ameushikilia, nami nikaweka sikio. Haikusema fsss popote. Pistoni ilikuwa ikishuka kwa pumzi ndefu, kama mzee anayekaa kitini. Hawa akapiga vigelegele. Nikamwambia anyamaze, tusije tukamkufuru Mungu kabla ya Ijumaa.

Ijumaa baada ya swala, ua wa Mzee Nassor ulijaa. Shehe alikaa kizingitini akisubiri. Ndimu ilining'inia kwenye uzi mbele ya ukuta wa udongo. Afande alikuja na sare imepigwa pasi, akawapanga watu wote nyuma yake kama watoto wa shule. Bi Thuwaiba alikaa kwenye kiti cha kamba, fimbo mkononi, uso umefungwa. Rahma tulimwona macho tu, kwenye upenyo wa dirisha. Mimi nilisimama nyuma ya tangi la maji. Si uoga, nilitaka kusikia vizuri. Haya, na uoga kidogo.

Vidonge vya risasi vilikuwepo kwenye kopo la zamani la baba yao. Afande akaukunja mtutu, akatia kidonge, akampa Jumanne. Jumanne akanyoosha mkono. Akaminya kifyatulio.

Nilichotegemea ni sauti ya kizibo. *Pap.* Nilichosikia ni radi.

Moshi ukatoka mbele na nyuma. Kunguru wakaondoka kwenye kila bati la Kanyenye. Mbuzi wa shughuli akakata kamba akaingia dukani kwenye vitambaa. Wageni wakalala chini, wengine juu ya wenzao, na shehe akawa wa kwanza kuingia ndani siku ile. Afande peke yake alibaki wima, ila kofia yake hatukujua ilikoenda. Kisha, moshi ulipoanza kupungua, ikaja harufu. Harufu ya kitu kinachokaangwa.

Shija alinieleza baadaye, na nyinyi muwaandikie watakaokuja. Injini ya lori la dizeli haina cheche. Upepo ukibanwa ghafla unapata moto, na mafuta yaliyomo yanawaka. Pampu haiendi kasi hiyo. Bastola inaenda. Kwa hiyo: ngozi ya pampu ipeni samli, lakini ya bastola iguswe tu mafuta kidogo, ifutwe. Mzee Maganga hakukosea. Hakuwahi kuulizwa habari za bastola.

Lakini wakati ule sikujua hayo. Nilijua kitu kimoja tu, kwa sababu nilikuwa nakiona: ndimu. Ilikuwa inaning'inia palepale, nzima, inazunguka taratibu kama inayotutazama mmoja mmoja. Ukuta ulikuwa na tundu, mbali kabisa na ndimu.

Bi Thuwaiba akawa wa kwanza kusema.

"Mwanamume gani huyu anayekosa ndimu?"

Jumanne alikuwa mweusi kwa masizi mpaka kwenye kope. Akaishusha bastola kwa uangalifu, akainamisha kichwa.

"Shangazi, kwetu hatujawahi kugombana na ndimu."

Kuna mtu akacheka puani. Bi Thuwaiba akamgeukia, kisha akanusa. Akanusa tena.

"Hii harufu ya nini? Nani anapika?"

"Ni bastola, Bi Thuwaiba," nikasema nikitokea nyuma ya tangi, maana haki ni haki. "Niliilisha samli."

"Samli! Samli ya nani?"

"Ya mama yangu, shangazi," akasema Jumanne. "Tunayo nyingi. Yako ipo ndani, kibuyu kizima."

Naapa niliuona mdomo wa Bi Thuwaiba ukipigana. Ulijaribu kukaza, ukashindwa upande mmoja, ukashindwa upande wa pili. "Bastola ya baba inapika pilau," akasema, na hapo akaangua kicheko ambacho sikujua kimo ndani ya mwili mdogo vile. Alicheka mpaka fimbo ikamtoka. Alicheka mpaka Mzee Nassor akaogopa akamletea maji, naye akamnyunyizia ndugu yake maji hayo. Uani kote watu wakashikana mbavu, na kutoka dirishani tukasikia Rahma naye.

Alipopata pumzi akanyoosha mkono.

"Afande, baba yangu, hebu nipe."

"Bibi?"

"Baba alikuwa akitunyima sisi wasichana. Kaka zangu walipiga, wakwe walipiga, mimi nilishika uzi wa ndimu tu. Nipe."

Afande alimtazama Mzee Nassor. Mzee Nassor akatazama mawingu. Afande akaukunja mtutu, akatia kidonge, akamsimamia Bi Thuwaiba kwa nyuma akimshikilia viwiko kwa heshima zote. Bibi akafumba jicho moja. Radi ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, na ndimu ikapasuka, nusu ikabaki uzini, nusu ikadondoka vumbini.

"Imeanguka," akasema Jumanne, kwa sauti ndogo, kama hataki kumshtua mtu.

Bi Thuwaiba aliitazama ile nusu chini. Akamtazama Jumanne kuanzia mabuti mpaka masizi. "Desturi inasema iangushwe," akasema. "Haya, ingia, mwanangu. Nawa uso kwanza."

Vigelegele vikapanda. Mzee Nassor akamshika mkwe mkono, wakaingia, na wageni wakawafuata wakikanyagana. Nami nilikuwa nataka kuingia, ila Bi Thuwaiba akaniita.

"Mama Pampu, ifunge ile nusu iliyobaki vizuri, inacheza."

Nikaifunga. Akaipiga. Akaagiza nyingine. Afande akawa anakunja mtutu na kutia vidonge kama mwanafunzi wake, akisema, "Bibi, sasa basi," naye akimjibu, "Moja tu, baba." Kila mlio ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia, samli ikiisha, mpaka ikawa *pap* tu, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na yeye akizidi kulenga vizuri. Ndani kukasikika sauti ya shehe, kisha dua, kisha "Amina" ya watu wengi. Mzee Nassor akatoka mlangoni, machozi yanamtiririka, mikono imefunguka.

"Dada, tumeshaozesha."

Bi Thuwaiba hakugeuka. Jicho moja lilikuwa limefumbwa.

"Mungu awabariki. Sasa nitoleeni ndimu nyingine."